Mkazi wa Majengo

Jamani, hii nitaisimulia mara moja tu, na mtu asinikatishe, maana nikikatishwa katikati aibu itanirudia upya na sitaimalizia. Kwanza nikiri: mimi Zuhura, mwalimu wa nidhamu wa sekondari moja hapa Geita kwa miaka kumi na minane, ninayejulikana kwa kunusa barua ya uongo kabla haijafunguliwa (mwanafunzi akileta barua ya mzazi, mimi namtazama yeye usoni, barua siitazami), mimi huyu huyu nilitembea na barua ya uongo mkobani, yenye mhuri na sahihi, nikaingia nayo mbele za watu nikiwa nimevaa viatu vyeupe vya gofu vilivyonibana. Wanaotaka kucheka wacheke sasa hivi, huko mbele nafasi haitakuwepo sana.

Gofu niliianza kwa sababu ya sukari. Daktari aliniambia nitembee, nikatembea barabarani wiki mbili, vumbi la malori likanimaliza, ndipo jirani yangu mmoja, muuguzi anayefanya kazi mgodini, akaniambia kule ndani ya uzio wao kuna kiwanja cha gofu cha mashimo tisa, nyasi tupu na miti, na hakuna lori hata moja. Akanipeleka kama mgeni wake. Nilikwenda kutembea tu, lakini wakanipa fimbo nijaribu, nikapiga hewa mara tatu, mara ya nne sijui nilifanya nini, ule mpira ukaondoka, ukapanda, ukaenda kutua mahali ambapo macho yangu yenyewe yalichelewa kufika. Kuanzia siku hiyo nilikwisha.

Shida ni kwamba gofu ya mtu wa nje bei yake si ya mwalimu. Nikaanza kutafuta upenyo. Nikagundua kwamba ukienda Jumanne, siku wanayokata nyasi, wanakupunguzia kidogo, na ukienda baada ya saa tisa alasiri unalipa nusu (ila giza likiingia hujafika shimo la sita, hilo ni lako), na ukikubali kuunganishwa na watu usiowajua ili kundi litimie wanne wanakupunguzia tena. Zote hizo nilizitumia. Nilicheza na wahandisi wasionisalimia, nikacheza na mzee mmoja mgeni ambaye mashimo tisa mazima aliongea na mpira wake peke yake, na bado nikawa naingia mara moja tu kwa mwezi, tena kwa kujibana.

Kisha likabandikwa tangazo. Wakazi wa vijiji vitatu vinavyopakana na mgodi sasa wangecheza kwa robo ya bei, watu kumi tu kila kijiji, kwa sharti moja: barua ya mtendaji wa kijiji kuthibitisha kwamba huyu ni mkazi. Robo ya bei, jamani. Nilisimama mbele ya ubao ule nikausoma mpaka mlinzi akaniuliza kama nina tatizo.

Mimi nakaa mjini, nyumba ya kupanga nyuma ya soko. Lakini katika kimoja cha vijiji vile (jina nitaliacha, wamenivumilia vya kutosha) niliwahi kukodi shamba la karanga misimu miwili, na mtendaji wake, Deus, alikuwa mwanafunzi wangu. Sasa sikilizeni vizuri hapa, maana uamuzi wenyewe ulikuwa mdogo tu, ulichukua muda wa kuvuka barabara. Nilijiambia, karanga si nililima? Jasho langu si limeanguka kwenye udongo ule? Nikapanda bodaboda, nikaenda ofisini kwa Deus.

Nilipoingia alisimama. Ana miaka thelathini na mbili, ana mke na watoto, lakini alisimama wima vile vile alivyokuwa akisimama kidato cha pili, akasema shikamoo mwalimu, nikasema marahaba, nikaketi kwenye kiti chake mwenyewe kwa sababu ndicho alichonisogezea. Nikamweleza ninachotaka. Kisha akaniambia, kwa upole kabisa, kwamba nafasi imebaki moja na kuna mtu alishaiomba kwa mdomo, na kwamba mwenyekiti wa kijiji hana mchezo na barua za ukazi, maana mtendaji wa kijiji cha pili aliondolewa kazini kwa kuwaandikia watu wa nje barua kama hiyo. Yote hayo niliyasikia. Nikajifanya nimesikia nusu.

"Mwalimu," akasema mwisho, "hii si ndiyo ile uliyonikataza?"

Alikuwa na maana yake. Akiwa kidato cha pili aliniletea barua ya mama mgonjwa, nikaigundua, nikamsimamisha mstarini mbele ya shule nzima. Nikacheka, nikamwambia ile ilikuwa uongo, hii ni ukweli uliochelewa kidogo, mimi si nililima hapa. Akakaa, akaandika, akagonga mhuri. Nilitoka pale nikijiona mjanja, na sikuuliza hata kidogo yule aliyeomba kwa mdomo ni nani.

Kilichobaki ni viatu. Mpaka wakati huo nilikuwa nachezea raba, na mvua zilipoanza niliteleza nikipiga, nikakaa chini mbele ya kundi zima, kwa hiyo nikaamua mkazi wa kijiji sasa apate viatu vyake. Dukani havipo, na vikiwepo havishikiki bei. Nikavitafuta mnadani, kwenye mitumba, nilipokwenda Kharumwa kumtembelea dada yangu. Muuzaji alikuwa mtu wa Maganzo, zamani dalali wa almasi, na bado alikishika kiatu juani akikizungushazungusha kana kwamba kitatoa mwanga. Alikuwa na jozi mbili. Moja ya kahawia, ya kiume, imechakaa kisigino, soli ina vijino vya mpira, na ilinikaa mguuni kama nilizaliwa nayo. Ya pili nyeupe, ya ngozi, maua ya kushonwa pembeni, meno ya chuma chini, na namba moja pungufu. Mnajua nilichukua ipi. Nilimuuliza kuhusu kubana, akasema ngozi inatanuka. Kuhusu meno ya chuma sikumuuliza kitu, niliyaona mazuri, yaling'aa.

Jumamosi ya kwanza ya mpango ule, mgodi ukaamua kuifanya sherehe. Hili sikulijua. Nilifika asubuhi nikidhani naenda kucheza tu, nikakuta mahema, viti vya plastiki, spika, na watu zaidi ya mia wa vijiji vyote vitatu, wazee kwa wamama, wamealikwa waje waone watoto wao wakicheza mchezo wa mgodini. Na getini nilishaanza vibaya. Kwenye mgodi wa dhahabu hupiti bila mashine ya kukagua chuma, na mimi nilikuwa nimevaa viatu vyangu tangu nyumbani ili vitanuke njiani, basi mashine ikalia. Nikarudishwa. Nikavua, viatu vikapitishwa peke yao, vikalia tena, watu wakajaa nyuma yangu, mlinzi akavigeuza juu chini akayahesabu meno moja moja. Akaridhika. Kisha akafungua daftari lake akaniuliza kijiji. Nikataja. Akainua kichwa, akasema na yeye ni wa huko huko, mimi ni wa kwa nani? Nikasema nimechelewa, baba, naitwa kule. Nikapita nimeshika viatu mkononi.

Ndani nikapewa wa kunibebea mkoba. Wanawaita kedi, na wangu alikuwa mtu mzima wa miaka hamsini hivi, mrefu, mkimya, amevaa katambuga, zile ndala za tairi la gari. Aliitwa Masanja. Niliwahi kusikia habari zake kwa wengine: amebebea watu mikoba pale miaka mingi, anaujua mteremko wa kila shimo, na jioni wenyewe wakiondoka hucheza peke yake kwa fimbo moja ya kuazima. Alitazama viatu vyangu, akanipa shikamoo ingawa ananizidi umri (ndivyo wanavyomfanyia mwalimu huku kwetu, nikaipokea bila aibu), akaniambia tukifika kwenye grini, yale majani mafupi yanayozunguka shimo, ninyanyue miguu, nisiiburute. Nikasema sawa, nikadhani ni ushauri wa mchezo.

Sasa ikaja kazi yenyewe. Afisa wa mgodi aliyesimamia mpango akashika kipaza sauti akasema kabla ya kuanza tufanye utambulisho. Nyie mnajua utambulisho wa kwetu, hakuna shughuli bila utambulisho, nami nimehudhuria maelfu katika maisha yangu bila kuuogopa hata mmoja. Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Lushinge, mtu mwembamba mwenye kofia ya sufu na gumbuti, yale mabuti ya mpira, akasimama akasema wachezaji wake kumi wajipange mbele, kila mmoja aseme jina, kitongoji, na balozi wake wa nyumba kumi.

Kitongoji. Katika kuandaa uongo wangu wote ule, mhuri, viatu, nini, sikuwa nimeuliza kijiji kile kina vitongoji gani. Shamba langu la karanga nililijua kwa jina la mwenye shamba. Mwenyekiti akaanza upande wa pili, nikawasikiliza wenzangu ili niibe, lakini wale tisa walitaja majina ya Kisukuma yanayofanana, na kila mmoja akitaja, wa kwao kwenye viti wanaitikia na kupiga makofi. Nikaelewa kwamba nikiiba kitongoji cha mtu, watu wa kitongoji hicho watanitazama na hawatanijua. Deus alikuwa amekaa kando ya mwenyekiti. Uso wake ulikuwa umekauka. Ile kazi yake, kile chakula cha watoto wake, ilikuwa mdomoni mwangu, na zamu yangu ikafika.

Nikasema, "Naitwa Zuhura, wa Majengo."

Nilifikiri nimepona. Kila mji niliowahi kuishi una Majengo, kila nilikosimamia mitihani kuna Majengo, nikaona lazima na pale ipo. Hakuna aliyepiga makofi. Mama mmoja akamgeukia mwenzake.

"Majengo," Mzee Lushinge akarudia, taratibu.

Deus akasimama haraka mno. Akasema ndiyo mwenyekiti, ni ile sehemu mpya kule nyuma ya shule, siku hizi wanaiita Majengo. Nyuma ya shule, nilikuja kujua baadaye, palikuwa na kichuguu na mbuzi. Mzee alimtazama Deus, akanitazama mimi, akatazama viatu vyangu, muda mrefu kuliko vyote. Kisha akasema karibu, mayu, yaani mama kwa Kisukuma, na akakaa. Nilijua hajakubali. Mimi nimewatazama wanafunzi hivyo hivyo, nikiwaacha waende darasani huku nikijua saa nne nitawaita.

Mchezo ukaanza, na Mzee akasema yeye atatembea na kundi langu, anataka aone watu wa Majengo wanavyocheza. Akatembea. Gumbuti zake zilikuwa nyuma yangu hatua kwa hatua, na kila nikisimama kupiga nazisikia zinasimama. Shimo la kwanza nilipiga nyasi. La pili nilipeleka mpira kwenye bwawa. Shimo la tatu akaniuliza, kwa adabu tu, kama mazungumzo ya njiani, balozi wetu huko Majengo ni nani. Kabla sijasema, Masanja akajibu bila kugeuka, akasema Majengo bado hawajachagua balozi, Mzee, watu wenyewe wachache. Mzee akaguna. Shimo la nne akauliza maji tunachota wapi. Masanja akajibu tena, akasema kisima cha shule. Alijibu kama anayesoma kitu kilichoandikwa, huku ananikabidhi fimbo.

Sikuelewa kwa nini mtu ambaye sijamfanyia lolote anabeba uongo wangu pamoja na mkoba wangu. Na viatu vilikuwa vimeanza kazi. Ngozi haikutanuka hata chembe, visigino vyangu vyote viwili vilikuwa vimechubuka (na mtu mwenye sukari hatakiwi kuchubuka, daktari angeniona siku ile angelia), kila hatua nahisi kama nakanyaga kaa la moto. Shimo la tano Mzee alibaki nyuma kidogo kusalimiana na watu, nikamsogelea Masanja nikamuuliza kwa sauti ya chini kwa nini ananisaidia.

"Sikusaidii wewe, mwalimu," akasema. "Deus ni mtoto wa dada yangu. Nimemlea mimi."

Akachomoa fimbo, akaifuta kwa shati lake, akanipa. Kisha akaongeza, bila hasira, na hiyo ndiyo ilinimaliza, kwamba ile nafasi ya kumi aliiomba yeye. Deus alirudi nyumbani jioni ile akamwambia mjomba, amekuja mwalimu wangu, nimeshindwa kumkatalia.

Sijui nilipigaje shimo la sita na la saba. Nakumbuka tu miguu yake mbele yangu, katambuga zile zikitembea kwenye majani yaliyolowa bila kuteleza hata mara moja, na mimi nyuma na meno yangu ya chuma nikichechemea. Nilitaka kurudi. Lakini nikirudi katikati wataniuliza kwa nini, na mtu akianza kuuliza atafika kwa Deus. Nikajiambia bado mashimo mawili, nimalize, nitoke, nirudishe nafasi kimya kimya Jumatatu, na kijana asiguswe.

Shimo la tisa liko mbele ya mahema. Watu wote walikuwa wamesogea kutazama. Mpira wangu ulikuwa umefika kwenye grini kwa bahati ambayo sikuiomba, wakapiga makofi, nikawa natembea kuufuata huku visigino vinawaka, na sikuweza tena kunyanyua miguu. Nikaiburuta. Nilisikia sauti chini, kama kucha kwenye ubao, nikadhani ni viatu tu vinalalamika, nikazunguka upande wa pili kuutazama mpira vizuri kama nilivyoona wakubwa wakifanya, nikarudi, nikazunguka tena. Ndipo afisa wa mgodi akapiga ukelele nisimame hapo hapo nilipo.

Nikatazama chini. Ile grini, wanayoimwagilia na kuikata kila asubuhi kama nywele za bwana harusi, nilikuwa nimeilima. Mifereji kutoka nilikoingia mpaka shimoni, na duara kuzunguka shimo, udongo mwekundu umetoka nje. Afisa akaja akachuchumaa, akashika mfereji kwa kidole, akaniambia ninyanyue mguu. Nikanyanyua, mbele ya watu mia na kitu, kama ng'ombe anayekaguliwa kwato. Akasema meno ya chuma yamepigwa marufuku pale miaka mingi, na akasimama akageukia viti, akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia kwamba hiki ndicho alichowaonya wakubwa wake, kwamba wanakijiji wangeharibu, na huenda mpango wenyewe usitishwe. Kisha akafungua orodha yake. Akaniuliza mimi ni wa kijiji gani na nani aliniandikia barua.

Niliwaona wote kwa mara moja. Deus ameshika magoti yake. Masanja ameshika bendera ya shimo, ananiangalia. Wale wachezaji tisa wa kweli, ambao hakuna hata mmoja aliyeharibu jani, wameinamisha vichwa kwa kosa la mtu wasiyemjua. Nikisema ni wa kijiji hiki, nimewapaka matope. Nikisema si wa kijiji hiki, nimemmaliza Deus. Nikainama nikavua viatu, nikasimama peku kwenye ile mifereji, nikaamua kusema, na nilishafungua mdomo, nilishasema neno mimi.

"Huyu ni mtu wangu," Mzee Lushinge akasema. "Anakaa Majengo, nyuma ya shule. Ameharibu, tutatengeneza sisi."

Akaja na gumbuti zake mpaka ukingoni mwa grini, akasimama kati yangu na afisa. Afisa alifunga orodha. Kwa mzee wa umri ule, mbele ya watu wake, angesema nini? Akasema basi itengenezwe leo hii. Masanja akaniletea uma mdogo wa kushonea majani na ndoo ya mchanga, nikapiga magoti mimi mwalimu wa nidhamu, nikaziba mfereji mmoja baada ya mwingine, yeye akinielekeza, vuta pembeni uje katikati, usikandamize, na watu wamekaa kwenye viti vyao wananitazama wakila pilau. Mwanafunzi wangu mmoja alikuwepo na wazazi wake. Alinipa shikamoo nikiwa bado chini.

Nilipomaliza Mzee akaniita kando, yeye, mimi, Deus na Masanja. Sikungoja aulize. Nikamwambia mimi nakaa mjini, nafundisha, kijana hakutaka kuandika, niliketi kwenye kiti chake nikamlazimisha, anayestahili kufukuzwa ni mimi na si yeye. Alisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa anajua tangu nilipotaja Majengo, kijiji kile alikianzisha yeye na baba yake, hakuna kichaka asichokijua jina.

"Nina miaka sabini na moja," akasema. "Leo nimesema uongo kwa kinywa changu mbele ya watu niliowazaa. Siwezi kuzeeka nao. Utakuja uijenge hiyo Majengo."

Hakupandisha sauti, na mimi nililia. Deus alibaki kazini, kwa masharti kwamba kila barua ya ukazi atakayoandika ataisoma kwanza kwa sauti mbele ya Mzee, na mpaka leo anasoma. Nafasi ilikwenda kwa Masanja siku ile ile. Mimi nikapewa Jumamosi zangu. Kijiji kilikuwa kinaanza msingi wa zahanati, nyuma ya shule, pale kwenye kichuguu, na zamu yangu ya kuchota mchanga na kubeba mawe iliandikwa pamoja na zamu za wengine, na kwenye msiba naitwa, na nisipofika naulizwa. Wiki ya kwanza niliona ni adhabu. Baadaye niliacha kuona hivyo, ingawa mgongo haukuacha kuuma.

Masanja alipocheza raundi yake ya kwanza kwa jina lake mwenyewe, nilimbebea mkoba. Alivaa katambuga zake, nilimuuliza kama nimtafutie viatu, akasema hivi vinamtosha, havibani na havilimi. Shimo la pili aliniambia nisogee, kivuli changu kimeangukia mpira. Nikasogea. Vile vyeupe nilivirudisha mnadani, yule dalali alivigeuza juani akasema vimetanuka, na ile jozi ya kahawia ilikuwa imeshanunuliwa. Gofu bado nacheza, Jumanne wanapokata nyasi, kwa raba, kwa bei ya mtu wa mjini.

Na nadhiri yangu ni hii, muiandike mahali: sitamwomba tena upendeleo mtu anayesimama nikiingia. Yule hawezi kusema hapana, na mimi nililijua hilo kabla sijavuka barabara.

Juzi Jumamosi nilikuwa nachota mchanga wa uzio wa zahanati, maana yenyewe imeshaanza kutibu, akapita mama mmoja amebeba mtoto mgonjwa mgongoni, si mwenyeji, ametokea Samuye kumfuata mumewe machimboni. Akawauliza wanawake wa kisimani zahanati mpya iko wapi. Wakamwelekeza bila hata kufikiri, nyoosha hii njia mpaka Majengo. Hakuna aliyecheka, wala aliyenitazama. Limeshakuwa jina tu. Yule mama alipofika akaweka mtoto kivulini, akaona nimelowa jasho kama wenzangu, akaniuliza kama mimi ni mkazi wa hapa Majengo, nimsaidie kumwita nesi.

Nikaweka koleo chini. "Hapana," nikamwambia, "mimi nakaa mjini." Nikaenda kumwita nesi, na njia nzima nikawa nayahesabu yale maneno. Yalikuwa manne tu.